Kuboresha kifaa cha kufyonza na kusafisha vidonda: nguvu ipelekwe kwenye mota au kwenye ufungaji?

Mhandisi_wa_Wodi (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni mhandisi wa vifaa tiba katika hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania, na ninaomba mawazo yenu juu ya jambo ambalo limenikaa kichwani tangu mwaka jana. Wodi yetu ya upasuaji haikosi wagonjwa wa aina mbili: vijana waliovunjika miguu kwa ajali za bodaboda, mfupa ukatokeza nje na mchanga ukaingia ndani, na wazee wenye kisukari ambao kidonda cha unyayo kilianza kama lengelenge la kiatu kikaishia kuwa kidonda ndugu.

Tulikuwa na mashine moja ya kutibu vidonda kwa mvuto wa hewa, ile ambayo sponji huwekwa ndani ya kidonda, ikafunikwa kwa plasta nyembamba inayopitisha mwanga, kisha mrija ukafyonza hewa na majimaji mfululizo kwa siku kadhaa. Tuliachiwa na wageni waliokuja kufanya kambi ya upasuaji. Ilitusaidia sana mpaka makopo yake ya kukusanyia uchafu yalipokwisha, kwa kuwa mashine hiyo imeundwa isikubali kuwaka pasipo kopo la aina yake yenyewe, na kila kopo ni la mgonjwa mmoja tu. Leo imo kabatini, nzima kabisa, haina ugonjwa wowote isipokuwa njaa ya makopo.

Basi nikachukua mashine ya kawaida ya kufyonza iliyokuwa imeondolewa chumba cha upasuaji, nikaitengeneza, nikaiwekea vali ya kupunguza mvuto, geji ya kupima mvuto na chupa ya lita mbili. Nilikuta matatizo mawili niliyoyatarajia na moja ambalo sikulitarajia. Mashine hizi huvuta zaidi ya milimita 500 za zebaki (kipimo cha nguvu ya mvuto), ilhali kidonda kinahitaji kama 125, kwa hiyo vali ikilegea kidogo mgonjwa anaumia. Pili, mota yake haikuundwa kukimbia siku tatu bila kupumzika, na hupata moto. La tatu ndilo lililonishtua: daktari wa zamu aliridhia tujaribu kwa mgonjwa mmoja mwenye kidonda cha kisigino, tukaiacha saa tatu usiku mshale wa geji ukiwa kwenye 125, na alfajiri tukaikuta kwenye 40. Plasta ilikuwa imebanduka chini ya kifundo cha mguu, sponji imelowa na kuvimba, na harufu yake sina haja ya kuieleza.

Nina bajeti ndogo ya kuboresha kifaa hiki, na mawazo yangu ya kwanza yalikuwa kununua mota bora na betri ya kukabiliana na umeme unaokatika. Je, niko sahihi? Na kwa upande wa kusafisha kidonda kabla ya kuweka sponji, kuna kifaa chochote rahisi chenye nguvu ya maji inayopimika, badala ya kila mtu kumwaga kwa mkono wake?

Dada_wa_Bendeji

Ndugu Mhandisi, pole na hongera. Mimi ni muuguzi, nimekaa chumba cha kufungia vidonda miaka kumi na saba, na nikikusoma naona unataka kumnunulia mtu mapafu mapya wakati shati lake ndilo lenye tundu. Mota yako haikushindwa usiku ule. Iliyoshindwa ni plasta, na plasta haikushindwa kwa ubaya wake bali kwa namna ilivyobandikwa.

Kisigino na kifundo ni mahali pabaya kuliko pote, pamoja na katikati ya vidole. Ukichukua plasta moja kubwa ukaizungusha mguuni, lazima ifanye mikunjo, na kila mkunjo ni mfereji wa hewa. Kata vipande vyembamba, anza kwa kuzungushia ukingo wa kidonda kama fremu ya picha, ili ngozi nzima isilowe na kutepeta, kisha funika juu kwa vipande vinavyopandana, kila kimoja kivuke ukingo kwa sentimita tatu hadi tano. Nywele zikatwe kabla. Ngozi ikaushwe kwelikweli, maana wodi zetu zina joto na mguu unatoa jasho hata mgonjwa akiwa amelala. Pale penye bonde, kama chini ya kifundo, jaza ile gundi laini wanayotumia wagonjwa wenye mifuko ya choo tumboni. Kipande cha ukubwa wa punje ya hindi kinatosha kuziba mahali ambapo ungepoteza plasta tatu.

Naomba uzingatie na hili, kwa sababu nimeliona likileta madhara. Sponji isikae ndani ya kidonda bila mvuto zaidi ya saa mbili. Ikizidi hapo, iondolewe, uweke shashi yenye maji ya chumvi mpaka tatizo litengenezwe. Sponji iliyolowa usaha bila kufyonzwa inageuka kuwa kitalu cha vijidudu. Kwa hiyo kifaa kisicho na kengele ya kuniamsha mvuto unaposhuka hakinisaidii usiku, hata kikiwa na betri ya wiki nzima. Vilevile, andika juu ya plasta kwa kalamu ya wino mzito tarehe na idadi ya vipande vya sponji vilivyoingizwa, kwa sababu anayefungua baada ya saa 48 au 72 mara nyingi siye aliyefunga, na kipande kilichosahauliwa ndani hufunikwa na nyama changa.

Kuhusu kusafisha, jibu lipo kwenye kabati lako. Bomba la sindano la mililita 35 lenye sindano ya unene wa namba 19 hutoa mkondo wenye msukumo wa karibu paundi 8 kwa inchi ya mraba, na kinachokubalika kwa kawaida ni kati ya 4 na 15. Chini ya hapo uchafu haung'oki. Juu ya hapo unaweza kuusukumia ndani zaidi. Wengi wetu hatuna bomba la 35, tuna la 20 na la 50, basi jueni tu kwamba bomba dogo hupiga kwa nguvu zaidi na bomba kubwa kwa upole zaidi, kinyume na wanavyodhani wanafunzi wangu. Kiasi cha maji ni mililita 50 hadi 100 kwa kila sentimita ya urefu wa kidonda, na hapa ndipo watu hubana matumizi. Kidonda cha sentimita kumi hakisafishwi kwa kichupa kimoja kidogo. Maji safi ya bomba yanayonyweka yamelinganishwa na maji ya chumvi katika tafiti nyingi na hayakuonekana kuongeza maambukizi; pale maji yasipoaminika, yachemshwe na kupozwa.

Ukitaka kutuundia kitu, tuundie ngao. Kila nikipiga maji, matone yenye usaha yananirukia usoni. Mimi hukata kitako cha chupa ya dripu, nikakitoboa, nikapitisha sindano katikati kama mwavuli uliogeuzwa, na kazi inaendelea. Lakini ngao ya silikoni inayoweza kuchemshwa na kutumika tena, yenye mdomo wa kuchomekwa bomba lolote la sindano, ingetufaa wauguzi wote. Na tafadhali mwambie mtunza stoo apunguze haidrojeni peroksaidi. Lile povu linawafurahisha wagonjwa kwa sababu wanaona "dawa inafanya kazi", kumbe inaunguza na chembe changa zinazojaribu kuota.

Mtambo_Pwani

Salamu kutoka Mombasa. Ninafanya kazi kama yako, na ninamuunga mkono dada muuguzi kwa asilimia zote, ila nitayasema kwa lugha ya mafundi.

Nambari ya 125 unayoitumia ilienea kutokana na kazi ya Michael Morykwas na Louis Argenta wa Chuo Kikuu cha Wake Forest kule Marekani, waliochapisha mwaka 1997 majaribio yao kwa nguruwe na kisha matokeo ya wagonjwa. Baadaye mhandisi Danielle Zurovcik wa MIT, chuo cha teknolojia cha hukohuko Marekani, alijiuliza swali lilelile unalojiuliza wewe: kwa nini mashine hizi zinahitaji mota na umeme wote huo? Ukifikiri vizuri, kidonda chenyewe hakili hewa. Kama ufungaji haupitishi hewa kabisa, ukishavuta mara moja mvuto unabaki, na kazi ya pampu inakuwa kuondoa majimaji tu, ambayo ni kidogo. Nguvu yote tunayoilipia kwenye mota inakwenda kufukuza hewa inayopenya chini ya plasta. Alipoelewa hivyo akaunda pampu ya plastiki ya mikunjo, mfano wa kinanda cha mkono, ambayo muuguzi huibana kwa mkono ikajivuta yenyewe taratibu, na vifaa vyake viligharimu takriban dola tatu. Aliipeleka Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, na baadaye kazi hiyo ikaendelea Rwanda, na huko nako kizingiti kikubwa kilikuwa ufungaji. Kwa hiyo unapotafuta betri, unatafuta dawa ya ugonjwa ambao chanzo chake ni uvujaji. Umeme ukikatika, pampu ya mkono au bomba kubwa la sindano lililovutwa na kuwekewa kizuizi litakuvusha mpaka jenereta iwake.

Sasa nikuulize: geji yako umeifunga wapi? Nina hakika iko kwenye mashine, karibu na vali. Hilo ni kosa ambalo nami nililifanya. Geji ya pale inakueleza hali ya chupa, haikuelezi hali ya kidonda. Mrija ukizibwa na usaha mzito au kipande cha damu iliyoganda, mashine itaonyesha 125 safi kabisa huku kidonda hakivutwi hata chembe. Usiku wako geji ilishuka kwa sababu hewa ilipenya. Lakini mrija ungeziba, ungeamka ukaona 125 na ukamshukuru Mungu bure. Dawa yake ni mrija wa pili mwembamba, usiopitisha majimaji, unaotoka moja kwa moja kwenye plasta mpaka kwenye kipima mvuto. Kengele iunganishwe huko.

Chupa nayo isiwekwe juu ya usawa wa kidonda. Kila sentimita 13.6 ambazo majimaji yanapandishwa kwenye mrija zinakula milimita 10 za zebaki, hivyo chupa iliyotundikwa kwenye nguzo ya dripu mita moja juu ya mguu inaweza kukupotezea zaidi ya nusu ya mvuto pale mrija unapojaa. Iteremshe kwenye fremu ya kitanda. Weka pia boya la kufunga njia chupa inapojaa pamoja na kichujio kabla ya pampu, la sivyo siku moja utaifungua pampu na kukuta usaha ndani, na hiyo si kazi ya kumtakia mwenzio.

Kama huamini geji yako, usinunue nyingine kwanza. Chukua mrija mwangavu wa mita mbili, uusimamishe ukutani, ncha ya chini ndani ya ndoo ya maji yaliyotiwa rangi, ncha ya juu kwenye mashine. Milimita 125 za zebaki ni sawa na sentimita 170 za maji. Maji yakipanda mpaka hapo, geji yako inasema kweli.

Mlezi_wa_Mama

Mimi si mtaalamu wa afya. Nilimuuguza mama yangu majuma matano akiwa amefungiwa mashine ya namna hiyo, na kwa kuwa mnazungumzia kuboresha, naomba mmoja wenu aandike mahali fulani kwamba inapiga kelele. Mama alikuwa halali. Pia mrija ulikuwa mfupi, akitaka kwenda msalani lazima amwite muuguzi, na kwa kuwa aliona haya kuwasumbua usiku, akaacha kunywa maji jioni. Alikuwa akiogopa hata kugeuka akidhani atang'oa kitu, na tulipokuja kumwinua tukakuta mrija umemlalia chini ya paja na kumwachia alama nyekundu, karibu kumfanyia kidonda kingine. Yeye mwenyewe alisema ile mashine inamtibu mguu na kumuua roho.

Kisu_na_Uzi

Ndugu Mhandisi, mimi ni daktari wa upasuaji. Nimesoma mada yote, nayo ni nzuri, lakini nitaanza na jambo usilolipenda: simamisha kukitumia kifaa hicho kwa wagonjwa mpaka upate kibali. Ridhaa ya daktari wa zamu haitoshi. Kifaa kilichoundwa upya ni suala la Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na ukitaka kukijaribu kwa binadamu utapita kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Siwaambii haya kwa kupenda karatasi. Mwaka 2011 mamlaka ya Marekani inayosimamia vifaa tiba ilitoa tahadhari kwamba tangu 2007 ilikuwa imepokea taarifa za vifo 12 na majeruhi 174 vilivyohusishwa na mashine za aina hii, zile za kiwandani zenye kengele na kila kitu, na madhara mazito kuliko yote yalikuwa kutokwa damu. Sasa itazame chupa yako ya lita mbili. Makopo ya kiwandani mengi ni madogo, na udogo huo una faida yake: damu ikianza kuvutwa, kopo linajaa upesi, mashine inasimama, inalia. Chupa yako ingepokea karibu nusu ya damu ya mtu mzima bila kusema neno. Weka ya mililita 300.

Pili, sponji haiwekwi juu ya nyama iliyokufa. Kidonda chenye gamba jeusi kinahitaji kisu kwanza, na hakuna mvuto wala maji yatakayochukua nafasi yake. Haiwekwi pia palipo na mshipa mkubwa wa damu ulio wazi, wala kwenye kidonda chenye saratani, wala juu ya mfupa wenye maambukizi ambayo hayajatibiwa. Kwa mguu wa kisukari, weka vidole kwenye mgongo wa mguu utafute mapigo ya ateri kabla ya kufikiria mashine. Kama damu haifiki, unafyonza mguu unaokufa. Na kama damu inafika, muulize mgonjwa anakanyagia nini. Daktari Paul Brand, aliyetibu wagonjwa wa ukoma nchini India, alionyesha kwamba vidonda vya unyayo usio na hisia hupona mguu ukifungwa plasta ngumu, kama ile ya mfupa uliovunjika, inayogawanya uzito, kwa sababu kilichokuwa kikivizuia kupona ni kukanyagiwa. Plasta hiyo haina mota.

Sisemi kifaa chako hakina maana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kwa wagonjwa 162 wa kisukari waliokatwa sehemu ya mguu ulionyesha asilimia 56 ya waliowekewa mvuto walipona, dhidi ya 39 ya waliofungwa kwa njia ya kawaida. Lakini kwa mifupa iliyovunjika na kutokeza nje, yaani vijana wako wa bodaboda, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018 kwa wagonjwa 460 haukuona tofauti katika ulemavu baada ya miezi 12. Kwa hiyo ukiwa na kifaa kimoja na wagonjwa wawili, mimi ningempa yule mzee wa kisukari aliyekwisha kusafishwa. Kuhusu maji, upo utafiti mkubwa wa mwaka 2015 kwa wagonjwa 2,447 wenye mivunjiko ya aina hiyo: nguvu kubwa, ndogo na ndogo sana zilitoa matokeo yaliyokaribiana, na sabuni ikawa mbaya kuliko maji ya chumvi. Hapo natofautiana kidogo na dada yangu muuguzi. Paundi zake nane ni sawa, lakini asiyekuwa nazo asikate tamaa. Kwa mivunjiko, dripu iliyoinuliwa juu ikamiminwa kwa wingi inatosha.

Dada_wa_Bendeji

Daktari, nimepokea, ila vidonda vyangu vingi ni vya siku nyingi vyenye utando unaonata, na huo haung'oki kwa kumiminiwa. Kwa kidonda kibichi cha ajali nakubaliana nawe.

Mhandisi_wa_Wodi

Nawashukuru wote. Kifaa nimekiondoa wodini tangu juzi na nimeanza kuandaa maombi ya kibali. Wakati nasubiri, nilinunua kongoro buchani, lile ambalo manyoya yamekwisha kuunguzwa, nikalichana kidonda juu kidogo ya kwato, nikaweka sponji na kufunga. Kwato iliyopasuka katikati inafanana kabisa na taabu ya vidole. Mara ya kwanza nilifunga kwa plasta moja kubwa, kama usiku ule: nilipozima mota, mvuto ulikwisha kabla sijamaliza kikombe cha chai. Mara ya pili nilifuata vipande na fremu, na gundi niliyoazima wodini, na baada ya saa sita mota ikiwa imezimwa maji kwenye mrija wa ukutani yalikuwa yameshuka kutoka sentimita 170 hadi 131. Geji yangu, kwa taarifa ya ndugu wa Mombasa, ilikuwa inadanganya kwa milimita 15.

Fedha ya mota nimeihamishia kwenye mrija wa pili, kengele na mrija mrefu zaidi kwa ajili ya msalani. Kelele za pampu nazo nitazishughulikia. Lililobaki ni hizo sentimita 39: hewa inapenya mahali fulani na kwa macho siuoni mwanya.

Dada_wa_Bendeji

Usiutafute kwa macho. Vaa stetoskopu, washa mashine, utembeze kile kikombe taratibu kwenye ukingo wa plasta. Utausikia ukipuliza kama nyoka. Anzia pale katikati ya kwato.